Adapta Imeingia, Picha Hamna!

Wadau, kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina nalihifadhi, ila wote mnamjua. Mama yake alifariki kabla jamaa hajatoka kimuziki, na sauti ya mama imebaki sehemu moja tu: mikanda 11 ya MiniDV, sherehe za familia za mwaka 2004. Kaniletea mimi kwa sababu eti ni "mtu wa kompyuta".

Kamera bado inawaka. Ishu ni tundu. Watu wakiona kamera ina USB wanadhani kazi imeisha, kumbe kwenye kamera nyingi za MiniDV ile USB ni ya picha za mnato. Video ya kwenye mkanda inatokea kwenye kitundu kidogo cha FireWire, Sony wanakiita i.LINK. Laptop za siku hizi hazina kitu hicho.

Mdogo wake alishanunua Kariakoo kile kiadapta cha bei chee cha FireWire kwenda USB. Kinaingia vizuri kabisa, halafu hakifanyi chochote. Jamani, hivi vidude vimeliza wengi! FireWire na USB ni kama watu wawili wasiojua lugha moja. Ukimbadilishia mmoja viatu, hageuki mkalimani. Kiukweli ningeona aibu kukiuza.

Kilichokubali ni msururu ambao ukiuona utacheka: adapta ya Apple ya Thunderbolt 3 kwenda Thunderbolt 2, ikafuata ya Thunderbolt kwenda FireWire, halafu waya wa pini 9 kwenda pini 4 mpaka kwenye kamera. Tumetumia MacBook ambayo haijasasishwa, maana macOS Tahoe ya 2025 imeitoa FireWire jumla.

Na hakuna kuharakisha. Mkanda wa dakika 60 unahama kwa dakika 60, unakula kama GB 13. Mkanda wa tatu, mama akatokea jikoni anamfokea mpiga kamera aache kumrekodi akiwa anakata vitunguu. Jamaa, pamoja na mbwembwe zake zote za Instagram, akatoka akakaa kwenye ngazi nusu saa nzima. Nikamwacha.

Imebaki mikanda 4 na kamera imeanza kutafuna. Mwenye MiniDV nzima, hata ya kuazimisha, aniachie ujumbe hapo chini. Ila msiniulize msanii ni nani, sisemi.