Tabora, mji wa kuacha mali na kuikuta

Mvua zikishakatika mwezi Mei, stesheni ya Tabora hujaa magunia ya mchele, madumu ya asali na mabegi ya watu wanaokwenda Dar es Salaam. Miongoni mwao wamo wastaafu waliougawa mwaka wao mara mbili. Masika wako Tabora, wanalima na kuangalia mizinga ya nyuki. Kiangazi wanashuka pwani kukaa karibu na watoto, wajukuu na kliniki zao. Wenyewe wanapanda treni. Gari linabaki.

Gari hilo ndilo linaloleta maneno katika familia nyingi. Kulirudisha Dar ni safari ya zaidi ya kilomita 800, kupitia Itigi, Manyoni, Dodoma na Morogoro. Lami ipo, lakini kwa mzee wa miaka 70 hizo ni siku mbili za usukani, na Novemba safari ni ileile tena. Akimpa dereva, atamlipa ujira na nauli ya kurudi. Wengi huona heri liachwe Tabora. Swali ni moja: liachwe kwa nani?

Swali hilo si geni hapa. Katika karne ya 19 Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ilikuwa njia panda ya misafara kutoka Bagamoyo. Njia moja iliendelea Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi waliondoka baada ya mavuno na kujitahidi kurudi kabla ya msimu wa kulima. Wao pia waliugawa mwaka. Wafanyabiashara walijenga matembe yenye kuta nene za udongo, wakaweka humo vitambaa, shanga na pembe za ndovu. Mali ilimsubiri mwenyewe kwa miezi, wakati mwingine miaka.

Kwihara, kilomita chache nje ya mji, lipo tembe alimokaa David Livingstone, ambalo leo ni makumbusho. Habari ya Stanley kumkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871 inajulikana na wengi. Inayosahaulika ni habari ya mizigo.

Livingstone alifika Ujiji Oktoba mwaka huo akiwa mgonjwa na amechoka, akitegemea kukuta bidhaa alizoletewa kutoka pwani. Mtu aliyekabidhiwa alikuwa ameziuza, akidai kwamba mwenye mali amekwisha kufa. Livingstone aliandika kwamba katika yadi 3,000 za kitambaa hakubakiziwa hata moja, na katika ratili 700 za shanga hakubakiziwa hata uzi mmoja. Februari 1872 yeye na Stanley walifika Kwihara, ambako mizigo yake mingine ilikuwa imewekwa. Huko alikuta mchwa wamekula mbao za bunduki zake.

Hasara mbili, sababu mbili: Ujiji ilikuwa mtu, Kwihara ilikuwa mchwa. Mwenye gari wa leo anapambana na zote mbili.

Ya mchwa ndiyo nyepesi. Kiangazi cha Tabora ni kikavu, hakina chumvi ya bahari inayoleta kutu Dar. Adui ni jua, vumbi, panya na mchwa. Gari liwekwe kwenye kivuli cha banda, si chini ya mwembe unaodondosha matunda na utomvu. Sakafu ifagiliwe, pasiachwe maboksi wala mbao zinazogusa tairi. Ndani ya gari pasibaki chakula, hata ganda la karanga, maana panya akishaingia hutafuna nyaya. Tairi zijazwe upepo vizuri. Breki ya mkono isivutwe kwa miezi mingi. Gari liachwe kwenye gia na kuwekewa mawe. Kama hakuna wa kuliendesha kidogo kila wiki mbili, waya wa hasi wa betri ufunguliwe.

Ya mtu ndiyo nzito. Chukua mfano wa mjomba anayemwachia mpwa wake funguo na neno moja: "Usiliendeshe, liwashe tu." Julai, saa nane za usiku, jirani anagonga geti. Binti yake ameshikwa na uchungu, na gari lililo karibu ni hilo. Mpwa akikataa, ni yeye atakayeishi na majirani hao, mjomba yuko Dar. Akikubali, amevunja agizo. Anawasha gari, anakwenda Hospitali ya Kitete. Mjomba akiisikia habari hiyo kwa watu kabla hajaambiwa na mpwa, maneno yanaanza: kumbe gari linatembea, limetembea mara ngapi?

Kosa hapo si la mpwa. Agizo lenyewe halikuweza kutimizwa mtaani ambako watu wanahitajiana.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la gari ni ukurasa mmoja tu. Iandikwe namba ya kilomita siku ya kuondoka, na dashibodi ipigwe picha kwa simu. Iandikwe kwamba dharura ya ugonjwa inaruhusiwa, na mwenye gari apigiwe hata kama ni usiku. Harusi na biashara haziruhusiwi. Iandikwe nani mwenye leseni atakayeendesha, na bima inaisha lini, maana bima ikiisha Agosti mwenyewe akiwa Dar, safari moja ya hospitali inaweza kuigharimu familia nzima. Faini ya barabarani hufuata namba ya gari, si jina la aliyekuwa ameshika usukani. Kadi ya gari isibaki garini, na mtoto mmoja mkubwa ajue ilipo.

Mwisho, mlinzi wa gari alipwe. Kumwambia kijana "wewe si mtoto wangu bwana" na kumwachia kazi ya miezi sita bila chochote ni kumfundisha ajilipe mwenyewe. Kiasi kidogo kila mwezi, kinachotumwa kwa simu bila kukumbushwa, humfanya ajione mwenye dhamana.

Novemba, treni inapowarudisha wazee, mpwa huja kuwapokea stesheni kwa gari lilelile. Kabla ya kupakia mizigo, wote wawili wasome namba ya kilomita, waandike tarehe, kisha waulizane habari za nyumbani.