Burundi: Jina la Mtoto ni Kauli ya Mzazi

Washabiki wa kandanda katika Tanzania wamelitaja mara nyingi jina la Saidi Ntibazonkiza, mchezaji kutoka Burundi aliyepata kuzichezea Yanga na Simba. Wengi walimwita Saido tu, kwa kuwa jina la pili lilikuwa refu na gumu kwa ulimi. Ni wachache waliotambua kwamba kila walipolitamka jina hilo walikuwa wakitamka sentensi kamili. Kwa Kirundi, Ntibazonkiza maana yake ni "Hawataniponya". Ni akina nani hao wasioweza kuponya, na ni balaa gani iliyokuwa imeingia nyumbani, hiyo ni siri ya wazee waliolitoa jina hilo kwa mara ya kwanza. Haruna Niyonzima wa Rwanda, ambaye naye alizichezea timu hizo mbili, amebeba kauli yenye faraja zaidi: "Ndiye aliye mzima", yaani Mungu ndiye aliye hai.

Kwa mgeni, majina ya namna hii ni ya ajabu. Kwa wenyeji wa milima ya Burundi, la ajabu ni jina lisilosema neno lolote.

Njia ya kando ya ziwa

Msafiri atokaye Kigoma kwa barabara hupita Manyovu, huvuka mpaka Mugina, kisha huteremka hadi Nyanza-Lac kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika. Toka hapo barabara hulifuata ziwa kuelekea kaskazini, hupita Rumonge penye michikichi, hata ikafika Mugere, karibu na Bujumbura. Hapo pana jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni hao walipita tu, na majina yao yamebaki jiweni. Wenyeji wa nchi hawakuwa na desturi ya kuchonga mawe. Yaliyowapata waliyahifadhi katika majina ya watoto wao.

Mjini Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, Mtanzania hujiona yu nyumbani. Kiswahili husemwa barazani na sokoni, na majina ya Kiislamu yasikikayo humo ni yale yale ya Ujiji. Lakini akipanda milima kwenda Gitega, mji uliofanywa makao makuu ya kisiasa ya nchi mwaka 2019, huingia katika ulimwengu mwingine wa majina.

Jambo la kwanza limshangazalo ni kwamba watoto wa baba mmoja na mama mmoja waweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Kwa mila, Warundi hawakuwa na jina la ukoo ambalo baba humrithisha mwanawe. Kila mtoto alipewa jina lake peke yake, na dini ya Kikristo ilipoingia likaongezwa jina la ubatizo. Karani aliyezoea kuandika jina la mtoto, la baba na la babu, anaweza kudhani kwamba ndugu hawa si ndugu.

Yapo majina yahesabuyo uzao. Mtoto wa saba huitwa Nyandwi, wa nane Minani, wa tisa Nyabenda, na wa kumi Bucumi. Mapacha huitwa Bukuru na Butoyi, yaani mkubwa na mdogo, na yule awafuataye huitwa Ciza. Yapo pia majina yamtajayo Mungu, ambaye kwa Kirundi ni Imana. Havyarimana ni "Azaaye ni Mungu", Harerimana ni "Aleaye ni Mungu", na Habonimana ni "Aonaye ni Mungu". Hakizimana ni "Aponyaye ni Mungu". Ndani yake limo neno lile lile la kuponya lililomo katika Ntibazonkiza, ila huyu amempata mponyaji. Hata viongozi wa nchi wamebeba kauli hizo. Jina la Pierre Nkurunziza, aliyekuwa Rais kuanzia 2005 hadi 2020, lina maana ya "Habari Njema". Mrithi wake, Évariste Ndayishimiye, jina lake ni "Namshukuru".

Majina ya uchungu

Lakini si kila nyumba huzaa katika shukrani. Zamani za ukoloni alikuwapo chifu mashuhuri aliyeitwa Pierre Baranyanka. Jina hilo maana yake ni "Wananichukia". Lipo na jingine lililo refu zaidi, Nzikobanyanka, "Najua kwamba wananichukia". Hapa mzazi hamsemi mtoto wake. Anawasema majirani, au ndugu wa mume, au mtu waliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Mtoto ni barua, na kila amwitaye huisoma barua hiyo kwa sauti.

Jambo hili limewashughulisha hata wataalamu. Mwaka 1983, msomi wa Burundi, Philippe Ntahombaye, alichapisha kwa Kifaransa kitabu kizima juu ya majina ya watu wa nchi yake na mahali pake katika nafsi na katika jamii.

Kilomita chache kutoka Gitega kipo kilima cha Gishora, penye makao ya kale ya ngoma za kifalme, zile ambazo uchezaji wake uliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu. Huko hata ngoma zina majina. Moja huitwa Ruciteme, ile ambayo kwa ajili yake watu hufyeka msitu. Nyingine ni Murimirwa, ile ambayo kwa ajili yake watu hulima. Nao wafalme, hadi ufalme ulipokoma mwaka 1966, walitawala kwa majina manne yaliyopokezana: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Basi mfalme hakuwa na hiari katika jina la enzi yake. Mkulima wa kawaida, asiye na ngoma wala kiti, ndiye aliyekuwa na uhuru wa kumwita mwanawe kwa neno lolote lililomkaa moyoni.

Maoni mbalimbali

Je, uhuru huo ni haki ya mzazi, au ni mzigo kwa mtoto? Maoni hayalingani.

Wapo waonao kwamba majina hayo ni kumbukumbu ya nyumba. Mtu asiyejua kuandika aliweza kuacha habari za mwaka wa njaa, za msiba, au za uonevu, na habari hizo zikaishi kuliko yeye. Tena, husema, ni heri ugomvi utolewe kwa jina kuliko kwa panga. Jirani aliyesikia mtoto akiitwa "Wananichukia" alijua kwamba amesemwa, naye angeweza kujirekebisha, au kujibu kwa jina la mwanawe mwenyewe.

Wengine hujibu kwamba ugomvi hufa lakini jina halifi. Mtoto huanza shule, mwalimu humwita Nzikobanyanka, naye huketi dawati moja na mjukuu wa yule aliyekusudiwa. Wazee wamekwisha patana, au wamekwisha zikwa, lakini yeye bado anatangaza vita asivyovijua. Hoja hii ina uzito wa pekee katika Burundi, nchi iliyoona mauaji ya mwaka 1972 na vita vilivyoanza 1993, hata Mkataba wa Amani ukatiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000, baada ya usuluhishi ulioanzwa na Mwalimu Nyerere na kumaliziwa na Nelson Mandela. Watu waliorudi kuishi kilima kimoja na kuchota maji katika kijito kimoja wanahitaji maneno ya kuwakutanisha.

Yumkini ndiyo sababu wazazi wengi wa leo huchagua maneno mengine. Husikika Mugisha, yaani Baraka. Keza, yaani Mzuri. Na Iradukunda, yaani "Mungu anatupenda". Wengine huvuka mpaka wa lugha wakachukua maneno ya Kifaransa, mtoto akaitwa Bonheur au Divine. Nayo haya hulaumiwa, kwamba ni mapambo ya kigeni yasiyomwambia mtoto alikotoka.

Yaliyo kwetu

Mtanzania asicheke haraka. Katika nchi yetu wamo watu wazima waitwao Tabu, Shida, Mashaka na Sikujua. Nao walizaliwa katika siku ngumu, na siku hizo zimewafuata shuleni, kazini na katika vyeti vyote. Wapo walioyavaa majina hayo kwa fahari, wakayafanya yaheshimiwe. Wapo pia walioomba kuyabadili mara walipopata akili ya utu uzima.

Njia ya Mrundi yatufundisha mambo mawili. Kwanza, jina si sauti tupu ya kupendezea masikio, bali ni neno, na neno lina kazi. Mzazi achukuaye jina kwa kuwa tu amelisikia katika redio au filamu amelikosa jambo hilo. Pili, neno hilo litasemwa na mwingine, mahali pengine, mzazi akiwa hayupo wa kulieleza. Mwenye uchungu anao wazee wa kumsikiliza, anao baraza, anao na sala. Mtoto mchanga hana ila jina alilopewa.

Wahenga walisema kwamba jina jema hung'aa gizani. Mama na baba wanapoketi kumchagulia mtoto jina, wajiulize swali moja: neno hili, atakapoitwa nalo mbele za watu akiwa na umri wa miaka arobaini, litakuwa bado ni lake, au litakuwa ni letu?