Doa Kwenye Shati la Baba

Tulipoendesha semina kanisani kuhusu kansa ya matiti, jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuwatoa wanaume ukumbini. Tuliona ndiyo heshima. Wakatoka wakicheka, wakakaa chini ya mwembe kuwasubiri wake zao. Mmoja wao alikuwa na uvimbe kifuani.

Mkewe ndiye aliyetufuata baadaye. "Sista," alisema kwa sauti ya chini, "haya mliyotufundisha, baba watoto anayo." Kila akifua shati aliona doa la damu mahali palepale, upande wa kushoto. Mzee alisema ni jipu, akawa analipaka dawa mwaka mzima. Tulipomtazama, chuchu ilikuwa imevutwa ndani, chini yake pana uvimbe mgumu usiouma, na kwapani mtoki.

Tuliona aibu, maana sisi wauguzi tulijua. Mwanamume naye ana matiti, ingawa madogo. Katika wagonjwa 100 wa kansa hiyo, mwanaume ni kama mmoja tu, kwa kawaida mtu mzima wa miaka 60 na zaidi. Hatari huongezeka kama katika ukoo kuna waliougua kansa ya matiti au ya mifuko ya mayai, na pia kwa mwenye ugonjwa wa ini au unene uliozidi.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba baada ya miaka mitano, wanawake 86 kati ya 100 walikuwa hai, lakini wanaume 78 tu. Kuchelewa ni sababu mojawapo: ugonjwa ukishafika kwenye tezi za kwapani, kazi huwa ngumu. Sababu nyingine ni matibabu kutokamilika.

Hili la pili tuliliona kwa macho. Mzee alichukuliwa kipande cha nyama kikapimwa maabara, akakatwa titi, kisha akaandikiwa vidonge vya tamoksifeni kwa miaka kadhaa. Uvimbe wa wanaume wengi hulishwa na homoni, kwa hiyo vidonge hivyo huwafaa sana. Lakini huleta joto la ghafla mwilini na huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Miezi minne haijaisha akaviacha. "Dawa ya wanawake hiyo," alimwambia mkewe, na lile la pili hakulitaja. Mama huyo hakugombana naye. Alimpeleka kwa daktari, akakaa nje wanaume wawili wazungumze. Tangu siku hiyo kidonge huwekwa pembeni ya kikombe cha chai ya asubuhi.

Semina iliyofuata hatukumtoa mtu. Mzee alikaa benchi la nyuma na kofia yake magotini. Hakutaka kusema neno, nasi hatukumlazimisha.