Lumbesa kwa Kiingereza

Kila ukizuka mjadala wa Kiingereza nchini kwetu, watu hugawanyika pande mbili: wanaosema tukitupe na wanaosema watoto wakianze tumboni. Leo mimi nina hadithi ya tatu.

Kwa wasiopajua, Malolo ni kata ya wilaya ya Kilosa, upande wa Mikumi, si mbali na barabara kuu ya kwenda Iringa. Huko kitunguu ndiyo ada ya shule, ndiyo mahari, ndiyo bati la nyumba. Kwa bibi nilisikia Kividunda, shuleni Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yakageuka Kiingereza. Tume ya Makweta ilishauri mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari kuanzia 1985, serikali ikakataa. Sisi ndio watoto wa jibu hilo.

Chuoni tukapimwa, nikaangukia kundi la ngazi ya kati ya juu, ile ambayo Wazungu wanaiita B2 kwenye kipimo chao cha ngazi 6. Kitabu kilitoka Uingereza. Sura ya utamaduni ilituuliza: likizoni unapendelea kuteleza kwenye theluji au kulala ufukweni? Paka wako akifa utamzikaje? Darasa kimya. Maneno tulikuwa nayo, jamani, ila la kusema hatukuwa nalo. Jamaa mmoja kutoka Tandahimba alikaa wiki tano bila kufungua mdomo, na tulijua kabisa kwamba semina zina alama.

Mwalimu wetu akakifunga kitabu. Akasema kila mmoja alete jambo ambalo kwao watu wanaligombania, alieleze, kisha tumbane.

Mimi nilipeleka lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi anakuja shambani na gunia lake, analijaza, analishonea kilemba juu, na bei inabaki ya gunia moja. Sasa hebu lieleze hilo kwa Kiingereza! Nilichora ubaoni. Binti mmoja wa Ilala, ambaye mama yake ana meza sokoni, akanivaa: mnunuzi naye analipa lori, ushuru, na vitunguu vinavyooza njiani. Hapo ndipo nilipohitaji ile sentensi ya "kama wakulima wangalikuwa na mizani, wasingalipunjwa." Miaka yote ya sekondari walitukaririsha kanuni yake ya Kiingereza kama namba ya simu, na hakuna aliyetuambia kwamba nyumbani tunayo tayari, -nge- na -ngali-. Nikaishika siku ile kwa hasira.

Kulikuwa na jambo jingine gumu zaidi ya sarufi. Kitabu kilitaka tuseme wazi "sikubaliani nawe." Kwetu humwambii hivyo mtu aliyekuzidi umri, na darasani tulikuwa na kaka zetu waliokwisha kufundisha miaka kumi kabla ya kuja chuo. Mwalimu akatuuliza: kijijini mnampingaje mzee? Tukamjibu: unaanza kwa kumkubalia, "ni kweli mzee, ila..." Akacheka, akasema Waingereza nao wana mlango huohuo wa nyuma, akatuandikia namna kama sita za kuupitia. Nazitumia hadi leo nikimhoji waziri.

Yule wa Tandahimba? Nilipomaliza kusimulia lumbesa alinyoosha mkono. Akasema kwao ndugu yake anaitwa kangomba: mlanguzi anakupimia korosho kwa bakuli wakati huna hela, kabla ya msimu, kwa bei ya kutupa. Aliongea dakika kumi na kitu, Kiingereza kimevunjika hapa na pale, na hakuna aliyetazama saa. Wiki iliyofuata alikuwa wa kwanza kuomba nafasi.

Najua kuna watakaosema mambo hayo tungeyajadili kwa Kiswahili na kufika mbali zaidi. Ni kweli (mnaona?), ila mitihani yetu haikuwa ya Kiswahili, na sera ya 2014 iliyofungua mlango huo ilikuta wengi wetu tumeshapita.

Habari yangu ya kwanza kuchapwa kwa Kiingereza ilikuwa ya vitunguu. Mhariri alikata aya mbili, lakini neno lumbesa aliliacha lilivyo, akaliweka tu herufi za mlazo.