Magitaa mawili, nyimbo tisa, bila neno hata moja

Anayeisikia albamu hii kwa mara ya kwanza huhesabu watu wanne. Mmoja anapiga solo, wa pili anashika akompa, wa tatu yuko kwenye ngoma, wa nne anapiga makofi. Wako wawili tu: Rodrigo Sánchez na Gabriela Quintero, mwanaume na mwanamke kutoka Meksiko, kila mtu na gitaa lake kavu la nyuzi za nailoni. Ngoma haipo. Ngoma ni mkono wa kuume wa Gabriela.

Mkono huo unastahili kuelezwa kwa wale watakaousikia redioni tu. Vidole vinafunguka kimoja baada ya kingine juu ya nyuzi, haraka kama mtu anayepepeta mchele. Kabla sauti haijaisha kiganja kinashuka kwenye ubao wa gitaa, kikitoa mlio mzito. Kisha konzi zinagonga pembeni, mlio mwembamba. Yote hayo katika pigo moja, na akordi haisimami. Rodrigo yeye anatembea juu yake na solo, uzi mmoja mmoja. Watu wengi humsifu Rodrigo kwa sababu ya mbio zake. Mbio zinafundishika. Lakini Gabriela akiondolewa, albamu yote inaanguka chini.

Walianza na muziki wa makelele. Huko jiji la Meksiko walikuwa katika bendi ya roki nzito iliyoitwa Tierra Ácida, na bendi haikufika mbali. Mwaka 1999 wakabeba magitaa yao wakaenda Ayalandi, nchi ya baridi na mvua, Kiingereza chao kikiwa kidogo. Wakasimama barabarani Dublin, kwenye Grafton Street, mtaa wa maduka ambapo wapita njia hutupa senti ndani ya kasha la gitaa. Hawakufukuzwa na risasi, hilo lisemwe wazi. Familia iliyotoka kijijini usiku na godoro kichwani haiwezi kulinganishwa na vijana wawili waliochagua safari. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo mtu aliyehama analijua: kufika mahali ambapo maneno yako hayanunui hata mkate, ukabaki na kile tu ambacho mikono yako inajua kufanya.

Mikono ilitosha. Albamu yao iliyobeba majina yao tu, Rodrigo y Gabriela, ilitoka mwaka 2006 chini ya mtayarishaji Mwingereza John Leckie. Huko Ayalandi ilishika nafasi ya kwanza mara tu ilipotoka, albamu isiyo na mwimbaji, ya wageni waliokuwa wakicheza kando ya barabara.

Madukani waliiweka kwenye rafu ya flamenco. Wenyewe wamekataa jina hilo mara nyingi. Flamenco ni ya Andalusia, kusini mwa Hispania, na Wagitano wameilea kwa vizazi. Ina sheria zake za mapigo, uimbaji na dansi, na mtu hujifunza toka utotoni. Rodrigo na Gabriela waliazima namna ya kupiga nyuzi na kugonga ubao, wakaitia ndani ya roki yao na midundo ya Amerika ya Kusini. Kusema "hii si yetu, tuliazima" ni heshima ambayo wanamuziki wengi hawana. Hapa pia wako wanaochukua wimbo wa mazishi wa kabila jingine wakaupeleka studio bila kuuliza.

Tena hata hao Wahispania waliazima. Wanamuziki wa flamenco wana kundi zima la nyimbo wanazoziita za kwenda na kurudi, zilizovuka bahari na kurudi na sura ya Kuba. Rumba yao imo humo. Paco de Lucía alitikisa Hispania kwa rumba mwaka 1973, na sanduku la mbao linalogongwa katika flamenco ya leo, cajón, yeye ndiye aliyelileta kutoka Peru. Na Kuba yenyewe ilipata wapi midundo yake? Meli za watumwa zilibeba watu wa Kongo pia. Kuanzia miaka ya 1930 sahani za Kuba zilirudi huku kwa njia ya gramofoni, na wazee wakazitambua. Ndiyo maana msikilizaji wa Bukavu au Kalemie akisikia "Tamacun", wimbo wa kwanza wa albamu, kichwa kinaanza kutikisika kabla hajajua ni muziki wa nani.

Gitaa kavu nalo si geni huku. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, akarekodi "Masanga": kijana mmoja, gitaa moja, kidole gumba na kidole cha shahada, na watu wa mbali wakadhani wako wawili. Watoto wanaotengeneza gitaa kwa kopo la mafuta na waya za breki ya baiskeli ni wajukuu wake, wajue au wasijue.

"Tamacun" ni jina la mtu wa pwani ya Meksiko anayewalinda mamba, na wimbo unakwenda hivyo hivyo, unatulia kisha unaruka. "Ixtapa" ndio mzuri kuliko wote. Humo anaingia Roby Lakatos wa Hungaria na fidla, na kwa dakika chache magitaa yanakubali kuwa nyuma. Nyimbo mbili za watu wengine, moja ya Led Zeppelin na nyingine ya Metallica, ni za kuonyesha kwamba inawezekana. Ile ya Led Zeppelin mtu anaweza kuiruka bila kupoteza kitu.

Baadaye walikwenda Havana wakarudia nyimbo zao za nyuma na okestra ya Kuba ya watu 13, katika albamu Area 52, iliyotoka mwaka 2012. Inachezeka vizuri harusini. Lakini tarumbeta zimejaa mno, na ule mkono wa Gabriela umefunikwa kama mama aliyekaribisha wageni wengi nyumbani kwake akakosa pa kukaa.

Kwa wanaosikiliza kwenye redio ndogo ya betri: spika hizo humeza sauti nzito, na kiganja cha Gabriela ndicho kitakachopotea kwanza. Iwekeni redio ndani ya sufuria tupu, au juu ya ndoo iliyofunikwa. Kitasikika.