Nyota ya Babu Iliyozama Mtoni

 Wasomaji watukufu, na hasa mama zangu na dada zangu mnaozisoma kurasa hizi majumbani, wiki hii sina mas-ala ya fikihi ya kuwajibu. Nina kisa cha nyumbani kwetu.

Babu yangu mzaa baba, Allah amrehemu, alikuwa askari wa Keya. Alifariki mwaka 1979 nami nikiwa bado mtoto wa chuo, kwa hiyo ninayoyakumbuka kwake ni machache. Alikuwa akitupanga wajukuu mstari mmoja kabla hatujaenda kuamia ndege mashambani, akituamrisha kwa kile Kiswahili cha Keya ambacho maalim wangu hakukipenda hata kidogo. Juu ya vita vyenyewe hakusimulia. Neno lake lilikuwa moja tu, "Bama," kisha hunyamaza na kuutazama mto.

Mwaka jana, baada ya sala ya Magharibi, shangazi yangu aliniita. Umri wake sasa umepita miaka themanini. Aliweka mbele yangu kasha la bati lenye kutu, akasema: "Sheikh, wewe wawasomea watu wote barua zao. Baba yangu mbona hujamsomea?" Alikuwa amesikia redioni kwamba wazee waliopigana vita vya Mwingereza wana haki ya nishani, na kwamba jamaa zao waweza kuziomba. Akataka nishani ya baba yake kabla hajafa.

Nilishangaa, kwa kuwa shangazi hakuwa mtu wa kumtaja baba yake kwa upole. Alizaliwa muda mchache kabla babu hajaondoka, akakua akimwona mama yake akilima peke yake kando ya mto, akipanda maji yakishuka na kukimbia maji yakipanda. Siku zote shangazi alisema kwamba baba yake aliwaacha bila senti. Wako waliomshauri nyanya aende kwa kadhi akafunguliwe ndoa, maana mume hana barua wala habari. Wanafunzi wa fikihi wanajua kuwa jambo hilo si jepesi. Katika kauli ya zamani ya Imamu Shafi mke wa mtu aliyepotea hungoja miaka minne kisha akakaa eda. Katika kauli yake mpya hungoja mpaka ithibiti kuwa mume amekufa au ameacha. Nyanya hakujua kauli ya zamani wala mpya. Alingoja tu.

Ndani ya kasha mlikuwa na mkanda uliokakamaa, na kitabu kidogo cha mshahara cha jeshi ambacho kilinusurika mafuriko ya 1961 na ya El Nino, lakini hakikunusurika na mchwa. Kurasa nyingine zimegandamana kwa tope. Nilizozisoma zilinipa nambari yake, mwaka wa kuandikwa, ambao ni 1942, na jina lake. Jina lenyewe nililitambua kwa shida. Karani hakuijua "dh" yetu, akaandika alichokisikia, na jina la baba yake akaliweka mahali pa kabila.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma mambo ambayo chuoni hatukufunzwa. Vita hivyo havikuwa mbali nasi. Sisi watu wa Nanighi tuko baina ya Garissa na Bura, na mwanzoni mwa 1941 majeshi ya Mwingereza yaliuvuka Mto Tana huu huu kuwaendea Wataliani, yakaingia Kismayu mwezi wa Februari na Addis Ababa mwezi wa Aprili. Bila shaka babu aliyaona malori yale akiwa kijana wa jembe. Baadaye yeye mwenyewe alipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru. Safari za bahari zilikuwa za hatari. Meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa tarehe 5 Februari 1944 ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani siku saba baadaye karibu na Maldives, na watu wapatao 1,300 wakafa, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Wanawake wangapi wa pwani na bara walikuwa wajane siku hiyo bila kujua kwamba wamekwisha ingia edani!

Kutoka Ceylon walipelekwa Bama. Katika miezi ya masika ya kule, mwaka 1944, walishuka bonde la Kabaw katika matope na malaria, wakafika Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Hapo, juu ya mto Chindwin, likajengwa daraja la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 350. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka babu alivyokuwa akiutazama mto wetu.

Nilikwenda Nairobi, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, nikakaa siku mbili na majalada ya wilaya ya Tana River. Habari za mahindi, mafuriko na kodi ni tele. Askari mmoja mmoja hatajwi. Hata hivyo kitabu cha mshahara kilitosha kunionyesha kwamba babu alistahili nishani tatu: Nyota ya 1939 hadi 1945, ambayo kwa kawaida ilitaka siku 180 katika medani, Nyota ya Bama, na Nishani ya Vita, iliyotolewa kwa aliyetumikia siku 28. Na kwa wanaouliza, nyota hizo si dhahabu wala fedha. Ni madini ya shaba tu, hazina zaka, na mwanamume anaweza kuzivaa. Na kama zingekuja, zingekuwa za warithi wote, si za mtoto mkubwa peke yake. Shangazi ana fungu lake.

Nikaandaa maombi. Nilipofika mahali pa kueleza kama nishani ziliwahi kutolewa, nilimsomea shangazi, na ili apate kujua tunaomba kitu gani nikamwonyesha picha ya Nyota ya Bama. Akaicheka.

"Hii naijua. Pembe sita. Niliichezea."

Alikuwa na miaka tisa au kumi. Babu aliirudisha siku moja kutoka barazani kwa Disii, akaitupa mkekani. Shangazi akaifunga uzi akaifanya mtoto wa bandia, na siku moja ikamponyoka mtoni alipokuwa akiteka maji. Babu hakumpiga. Hakuuliza hata iko wapi.

Usiku ule sikulala. Ningeweza kuandika kwamba hazikutolewa, na hakuna mtu London ambaye angejua. Lakini nimesomesha Suratun-Nisaa miaka thelathini, na aya ya 135 inatutaka tuitoe shahada ya kweli hata iwe juu ya nafsi zetu na jamaa zetu. Asubuhi nikamwambia shangazi kwamba siwezi. Akasema, "Sikukutaka useme uongo," akaingia jikoni.

Nikakirudia kitabu ili nikifunge vizuri. Nilizitia mvuke wa birika zile kurasa zilizogandamana, nikazitenganisha kwa makali ya wembe. Ukurasa mmoja ulikuwa wa makato. Kila mwezi, tangu mwisho wa 1942 mpaka mwanzo wa 1946, shilingi kumi zilikatwa katika mshahara wake zipelekwe nyumbani. Na mshahara wenyewe haukuwa mkubwa: mwaka 2019 Al Jazeera walionyesha waraka wa serikali ya kikoloni ambao ulimpa askari Mwafrika kiinua mgongo cha takriban thuluthi ya alichopewa mzungu wa cheo kile kile.

Nilimsomea shangazi mwezi kwa mwezi. Akanisimamisha, akataka nianze tena.

"Zilipokewa na nani?"

Nikamwonyesha mahali pa jina la mpokeaji. Pana tundu, mchwa wamekula wino na karatasi yake. Kilichobaki ni herufi moja ya mwanzo, na herufi hiyo yaweza kuwa ya watu wawili au watatu wa ukoo wetu, wote wamekwisha kufa, na wajukuu zao tunasali nao safu moja. Nilikuwa nimekwisha kuwaza ni nani. Nadhani naye pia.

Alikishika kitabu, akakipapasa tundu kwa kidole.

"Mchwa wana sitara kuliko watu," akasema. "Waachie."

Kisha akaniuliza kama zile shilingi za kila mwezi naweza kuzijumlisha. Nikazijumlisha. Akataka niandike jumla yake katika karatasi safi, pamoja na jina la baba yake lilivyo sahihi, na "dh" yake. Karatasi hiyo sasa imo ndani ya msahafu wake.