Kunakili, Kufuli na Haki ya Mtu

Nakuandikia kutoka Jorodom, chini ya mlima Hanang, mahali ambapo jamaa zangu wa Pangani hudhani nimehamia ulimwengu mwingine kwa baridi yake na umbali wake na bahari. Hapa ndipo nisomeshapo watoto, na hapa ndipo lilinipata jambo ambalo majumbani mwenu pia hutendeka kila siku bila ya mtu kulifikiri.

Tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi ya mapema, mlima ulimomonyoka. Tope, mawe na magogo yaliteremka juu ya Katesh, Gendabi na huku kwetu, wakafa watu zaidi ya 80, Mwenyezi Mungu awarehemu. Mbele ya msiba kama huo ni aibu kutaja mali. Walakini katika mali iliyofukiwa ilikuwamo kompyuta yangu, na ndani yake programu ya vitabu vya Kiarabu, vya tafsiri, Hadithi na fiqhi, niliyoinunua kwa fedha nilizodunduliza miaka miwili.

Diski ya programu ile na risiti yake vilikuwa kwa binti yangu, Babati, vikasalimika. Jamaa waliponichangia kompyuta nyingine, nikaitia diski. Ikakataa. Ikanidai namba mpya ya kuifungulia. Nikawaandikia wenye programu, nikawaeleza yaliyotusibu, nikaambatisha na risiti. Jibu lilikuwa fupi: ruhusa yako ni ya kompyuta moja, nunua tena.

Kufuli hili, msomaji, hufanya kazi hivi. Programu husoma alama za mashine ilimotiwa, ikazigeuza kuwa namba, na ufunguo hutolewa kwa ajili ya alama hizo tu. Badilisha mashine, nawe umekuwa mgeni katika nyumba uliyoilipia. Ziko nyingine ambazo kila mara huuliza ruhusa kwa mwenyewe kwa njia ya intaneti, na siku mwenyewe akifunga duka, basi. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kusomwa kwenye kompyuta, na vitabu ambavyo watu walikwisha kuvinunua vikaacha kufunguka. Walirudishiwa fedha zao, kweli. Lakini nani katika sisi amewahi kuona muuza vitabu akija nyumbani kuchukua kitabu chake rafuni, akaacha noti mezani?

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa Kiiraqw mwenye akili kali, akaniletea flashi.

"Sheikh, programu ni ile ile. Hii imevunjwa kufuli, haiulizi kitu."

Nikaitia flashi ndani ya mtoto wa meza, ikakaa siku mbili. Sisi tuliosoma kwa masheikh wa zamani tumelelewa kuona kunakili ni ibada. Misahafu ya Siyu iliandikwa kwa mkono, na mwanafunzi asiye na fedha alipata kitabu kwa kukaa na kalamu. Lakini masheikh hao hao waliheshimu sharti la mwenye kitabu. Kilichoandikwa ukurasa wa mwanzo kwamba ni wakfu hakikuuzwa, hata mwenyewe akiwa kaburini.

Wanavyuoni walihitilafiana katika haki hii. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani hakukubali kwamba mtu aweza kuzuia wengine wasichapishe kitabu chake; mwanawe, Mufti Taqi Usmani, akaona vingine. Mwezi wa Desemba 1988 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Kuwait ikakata kwamba haki ya mtungaji na mvumbuzi ni mali yake kisharia, wala haifai kuvunjwa. Nasi Tanzania tunayo sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na programu za kompyuta zimo ndani yake. Kwa hiyo hoja ya kwamba wenye programu ni matajiri wa ng'ambo, kuwaibia si kuiba, mimi siipokei. Tajiri naye ana haki.

Lakini kufuli lile linamzuia nani? Mwizi halioni kabisa, kwani flashi humfikia likiwa limekwisha vunjwa. Anayegonga mlango akafukuzwa ni yule aliyelipa. Nami nasema, bila ya kuogopa, kwamba mwenye kuuza kitu kisha akamnyima mnunuzi aliyepatwa na balaa, hali risiti anaiona, naye amedhulumu.

Juu ya hayo nikamrudishia kijana flashi yake. Mimi pengine nilikuwa na udhuru, maana nililipa. Lakini ingetoka mkononi mwangu ikaenda darasani kwa wasiolipa, na kila mmoja angesema Sheikh ameruhusu.

Akaipokea kwa adabu, kisha akauliza, "Na hiyo Windows iliyomo humo, Sheikh, imelipiwa?"

Nikakosa jibu. Kompyuta ile ilinunuliwa kwa mtu, na fundi ndiye aliyeitia kila kitu kwa bei ya soda mbili. Hata ile iliyofukiwa ilikuwa hivyo hivyo. Siku mbili nilikuwa nikiipima dhambi ya flashi, na huku nimekalia nyingine kubwa zaidi, naifungua kila asubuhi kwa bismillahi.

Tulikwenda Katesh penye intaneti nzuri, tukaichukua Maktaba Shamila, yenye maelfu ya vitabu vya Kiarabu, na wenyewe wanaitoa bure. Kijana akaniletea na Linux, ambayo waliyoitengeneza wameruhusu kunakiliwa. Ya kuandikia barua ni LibreOffice, jamaa ya ile Jambo OpenOffice iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden. Si kwamba ni rahisi. Wiki ya kwanza nilikuwa kama kipofu katika nyumba ya watu, na printa hadi leo ina kiburi.

Windows tuliifuta Ijumaa baada ya sala. Kijana akaniuliza kama Shamila aweza kuwanakilia wenzake, nikamwambia nakili, nakili mpaka uchoke. Wenye programu yangu nimewaandikia barua ya pili, na risiti ile ile ndani yake. Bado hawajanijibu.